Risala ya Watengenezaji wa Tovuti kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Matunzo ya PDF.js na Haki ya Kusoma Nyaraka za Umma

Ndugu Mgeni Rasmi,






Sisi tunaosimama mbele yako ni watengenezaji wa tovuti na maofisa TEHAMA. Wamo walioajiriwa, wamo wanaojitegemea, na wamo wanafunzi wa vyuo ambao ndio kwanza wanaingia kwenye kazi hii. Mwananchi anapobofya tangazo la ajira, mwongozo wa mikopo, kanuni mpya au hukumu, na waraka ukafunguka mbele yake bila kusakinisha chochote, kazi hiyo imepitia mikononi mwetu.

Jambo lililotuleta ni moja. Chombo cha kumsomea mwananchi waraka ndani ya kivinjari chake kipo. Ni huria, ni imara, na hakuna anayetudai hata senti kwa kukitumia. Kinachokosekana ni matunzo ya chombo hicho na ya nyaraka tunazokilisha. Kukosekana huko kunawaumiza watu wenye simu za bei nafuu, watu wasioona, na kila mwananchi aliyekabidhi taarifa zake kwa mfumo wa taasisi. Tumeona tusiendelee kulisemea jambo hili pembeni.

Maktaba yenyewe

Ndugu Mgeni Rasmi, chombo tunachokizungumzia ni maktaba ya msimbo iitwayo PDF.js. Ilianza mwaka 2011 ndani ya Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, kwa juhudi za Andreas Gal na Chris Jones. Umbizo la PDF lenyewe ni la Adobe, la mwaka 1993, na mwaka 2008 lilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 32000-1. Hata hivyo, kwa miaka mingi kufungua PDF kwenye tovuti kulihitaji programu ya pembeni iliyopachikwa kwenye kivinjari, na wahalifu wa mtandao waliigeuza programu hiyo kuwa njia yao ya kuingilia. Waanzilishi wa PDF.js waliamua kuuchora waraka kwa HTML na JavaScript peke yake, zana ambazo kila kivinjari tayari kinazo. Shabaha yao ya kwanza ilikuwa kuonyesha bila kasoro makala moja tu ya kitaaluma, iliyohusu TraceMonkey, injini ya JavaScript ya Firefox ya siku zile. Februari 2013, Firefox 19 ilitoka ikiwa na kisomaji hicho ndani yake.

Maktaba hii hufanya kazi kwa tabaka. Faili likifika, sehemu moja hulichambua kando ili ukurasa usigande. Sehemu nyingine huchora kila ukurasa wa waraka. Kisha juu ya mchoro hutandazwa maandishi yasiyoonekana kwa macho, yaliyopangwa sawasawa na yale yaliyochorwa chini yake. Maandishi hayo ndiyo yanayomwezesha msomaji kuteua aya, kunakili na kutafuta. Utafutaji wake umefikiriwa kwa makini: mtu akiandika "ng'ombe" kwa alama ya ritifaa iliyonyooka ya kwenye kibodi, maktaba inalipata neno hilo hata pale mchapaji alipotumia ritifaa iliyopinda. Lugha yetu ina ng' kila mahali, na bila uangalifu huo utafutaji wa maneno hayo ungerudi mikono mitupu.

Leseni yake ni Apache 2.0. Inaruhusu kutumia, kubadilisha na hata kuuza bidhaa iliyojengwa juu yake, mradi nakala ya leseni na taarifa za hakimiliki zibaki na mabadiliko yaoneshwe. Ndiyo maana imeenea. Nextcloud, mfumo wa kuhifadhi mafaili, unaitumia. Open Journal Systems, programu huria ya kuendeshea majarida ya kitaaluma, ina kiongezi kilichojengwa juu yake, na kwa mfumo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachapisha majarida yake mtandaoni, likiwemo Kioo cha Lugha. Kwa hiyo maktaba hii inagusa hata usomi wa Kiswahili, na kuitunza ni kazi inayotuhusu moja kwa moja.

Malalamiko yetu

Kwanza, matoleo yanaachwa yachakae. Desturi iliyozoeleka ni hii: mkandarasi anajenga tovuti, ananakili folda ya PDF.js ndani yake, anakabidhi, analipwa, anaondoka. Hakuna mkataba wa matengenezo. Mwenzetu mmoja alikabidhiwa tovuti ya taasisi ambayo hatutaitaja. Alipofungua faili la maktaba, mstari wa juu ulionyesha toleo linaloanza na 1, wakati walimwengu walikwisha kufika toleo la 4. Aliandika dokezo la kuomba ruhusa ya kuboresha. Jibu lilikuwa kwamba mfumo unafanya kazi, kwa hiyo usiguswe.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba utuvumilie tueleze kwa nini jibu hilo ni la hatari. Mei 2024 ulitangazwa udhaifu uliopewa namba CVE-2024-4367, uliogunduliwa na Thomas Rinsma wa Codean Labs. Ndani ya PDF, fonti hubeba safu ya namba 6 zinazoeleza jinsi herufi inavyokuzwa na kuwekwa mahali pake. Ili kuchora haraka, PDF.js ilizichukua namba hizo ikazitunga kuwa kipande cha msimbo na kukiendesha. Haikuhakikisha kwamba kilichomo ni namba kweli. Mwenye nia mbaya aliweza kuweka maandishi yake mahali pa namba, na maandishi hayo yakaendeshwa kama msimbo mara tu waraka ulipofunguliwa. Tahadhari iliyotolewa ilitaja matoleo yote hadi 4.1.392. Dawa ilipatikana kwenye toleo 4.2.67 na kwenye Firefox 126.

Ndani ya Firefox madhara yalikuwa na mipaka, kwa sababu kisomaji kimetengwa na tovuti nyingine. Kwenye tovuti iliyonakili maktaba ndani yake hali ni tofauti kabisa: msimbo wa mvamizi unaendeshwa kwa jina la tovuti hiyo. Chukulia mfumo wa maombi ya kazi, ambamo mwombaji anapakia wasifu wake na ofisa anaufungua akiwa ameingia kwa akaunti yake. Waraka mmoja ulioharibiwa makusudi unatosha kufanya chochote ambacho ofisa huyo ana mamlaka ya kukifanya kwenye mfumo. Kinga ya muda ilikuwa mstari mmoja wa mpangilio, isEvalSupported uwekwe false. Kukosa kuandika mstari mmoja kwa sababu hakuna mwenye dhamana ya kuuandika ni uzembe wa kiutawala, na lawama zake zisitupwe kwa teknolojia.

Pili, nyaraka za umma zinachapishwa zikiwa picha. Waraka unaandikwa kwenye kompyuta, unachapwa kwenye karatasi, unagongwa muhuri, unatiwa sahihi, unaskaniwa masijala, kisha unaletwa kwetu tuupandishe kwenye tovuti. Kilichokuwa maandishi sasa ni picha ya maandishi. PDF.js inauchora ukurasa vizuri, lakini tabaka lile la maandishi linabaki tupu. Mwananchi akitafuta jina la wilaya yake kwenye orodha ya kurasa 80 anaambiwa halipo, ilhali limeandikwa kwa wino mweusi mbele ya macho yake. Mwenzetu asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini, anafungua tangazo hilo hilo na kukutana na ukimya. Hawezi kujua tarehe ya mwisho ya maombi mpaka apate mtu wa kumsomea.

Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo tuliipokea kwa furaha kubwa. Lakini kanuni iliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha kisha ikapandishwa mtandaoni ikiwa picha iliyopinda, yenye kivuli cha kibanio cha karatasi pembeni, haijamfikia mwananchi. Na wala muhuri si kisingizio. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua sahihi ya kielektroniki.

Tatu, bando la mwananchi linateketezwa bure. PDF.js inaweza kuomba faili kwa vipande vya kilobaiti 64, ikachukua vile tu vinavyohitajika kuonyesha ukurasa unaosomwa. Mtu anayetaka ukurasa wa 3 wa ripoti ya megabaiti 30 hana sababu ya kulipia megabaiti zote 30. Lakini uwezo huo una masharti. Seva lazima ikubali kutoa faili kwa vipande, itaje ukubwa wa faili, na isiligandamize faili njiani. Tena, kwa kawaida maktaba ikishaonyesha ukurasa wa kwanza huendelea kuvuta faili zima nyuma ya pazia. Anayejali bando la msomaji anapaswa kuwasha mpangilio wa disableAutoFetch pamoja na disableStream. Tumekuta seva nyingi ambazo hazijapangwa kwa namna hii. Tumekuta nyingine zinazomlazimisha msomaji kupakua faili zima kwenye simu iliyokwisha kujaa, halafu atafute programu ya kulifungulia. Mzazi anayenunua bando la siku hapaswi kulimaliza kwa kutafuta mstari mmoja wa ada ya mtihani.

Nne, nyaraka zetu zinapitishwa kwa watu wa nje bila sababu. Wapo wanaoonyesha PDF za taasisi kwa kutumia kisomaji cha kampuni ya ng'ambo: waraka unatumwa kwenye seva ya kampuni hiyo, unageuzwa picha, unarudishwa. Kwa tangazo la wazi madhara ni madogo. Kwa barua ya uteuzi, cheti cha kuzaliwa au majibu ya maabara ni jambo zito. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. PDF.js inauchora waraka ndani ya simu au kompyuta ya msomaji mwenyewe, na waraka hauendi kwa mtu wa tatu. Faida hiyo tunaitupa kwa kutoijua.

Tano, kinachopatikana bure kinadharauliwa. Kwenye zabuni tunakuta hadidu za rejea zinazotaka kisomaji cha kulipia, kwa hoja kwamba programu huria haina mwenyewe. PDF.js inao wenyewe wanaojulikana, ina leseni inayosomeka, na kila badiliko lake liko wazi kwa yeyote anayetaka kulikagua. Fedha inayokwenda kwenye leseni kila mwaka ingemlipa kijana wa Kitanzania kuihudumia maktaba hiyo na kuirekebisha ifae mahitaji yetu. Kwa upande mwingine wapo wanaoichukua, wakafuta taarifa ya leseni, wakabandika nembo yao na kuiuza kama kazi ya mikono yao. Hao wanavunja leseni, na wanawaaminisha wateja kwamba hakuna deni la matunzo.

Sita, tunachota bila kurudisha. Mozilla si kisima kisichokauka. Agosti 2020 shirika hilo lilipunguza wafanyakazi wapatao 250 kwa mkupuo. PDF.js iliendelea kwa sababu wapo waajiriwa wachache waliobaki nayo, na wapo watu wa kujitolea ambao kwa miaka mingi wamepokea taarifa za hitilafu, wakazichunguza na kuzirekebisha. Kila hitilafu ikitengenezwa, waraka ulioifichua huweza kuwekwa kwenye hazina ya majaribio, ili toleo jipya lisije likaiharibu tena. Nyaraka zetu za Kiswahili tungeziingiza kwenye hazina hiyo kwa wingi, zikalindwa daima. Lakini waajiri wetu wengi hawaturuhusu kutumia saa ya kazi kuandika taarifa ya hitilafu, sembuse kutuma marekebisho. Hata vitufe vya kisomaji, vya kutafuta, kukuza, kuchapa na kupakua, katika tovuti nyingi tunazozihudumia vinaonekana kwa Kiingereza, na kazi ya kuvitafsiri iko wazi kwa yeyote anayejitolea kupitia jukwaa la Pontoon la Mozilla.

Madai yetu

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuzingatia hayo, tunadai yafuatayo.

1. Kila taasisi ya umma, ndani ya miezi 3, iorodheshe tovuti na mifumo yake yote inayotumia PDF.js, iandike namba ya toleo, na iboreshe yote yaliyo chini ya 4.2.67. Pale ambapo uboreshaji utachelewa, mpangilio wa isEvalSupported uwekwe false siku hiyo hiyo ya ukaguzi.

2. Kila mkataba mpya wa tovuti uwe na kifungu cha matengenezo kinachomtaja kwa cheo mwenye dhamana ya kufuatilia tahadhari za usalama za maktaba huria zilizotumika, pamoja na fungu la bajeti la kazi hiyo. Mfumo usio na mwenye dhamana usipokelewe.

3. Nyaraka mpya za umma zitolewe moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuandikia, zikiwa na maandishi halisi, vichwa vilivyowekewa lebo na maelezo ya picha. Palipo na ulazima wa kuweka nakala yenye muhuri, iwekwe sambamba na nakala inayosomeka. Kwa nyaraka za zamani zilizoskaniwa, utengwe muda na watu wa kuzipitisha kwenye programu ya kutambua herufi na kuzihakiki kwa jicho, kwa kuanza na sheria, kanuni, fomu na miongozo ya elimu na afya.

4. Seva za taasisi zipangwe zitoe mafaili kwa vipande, na visomaji vipangwe visivute faili zima bila msomaji kuomba. Kila waraka utajwe ukubwa wake kabla haujafunguliwa.

5. Nyaraka zenye taarifa za watu zisionyeshwe kupitia visomaji vya watu wa nje. Zionyeshwe kwa kisomaji kilichomo ndani ya tovuti ya taasisi yenyewe.

6. Hadidu za rejea za zabuni zipime ubora, usalama na gharama za matunzo, zisimtupe nje mzabuni kwa sababu tu anatumia programu huria. Mzabuni atakayebainika kufuta taarifa za leseni achukuliwe kuwa amevunja mkataba.

7. Waajiri, wa umma na wa binafsi, waturuhusu kutumia sehemu ya muda wa kazi kuripoti hitilafu na kutuma marekebisho kwenye miradi huria tunayoitegemea. Vyuo viitambue kazi hiyo kama sehemu ya mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa TEHAMA.

8. Wataalamu wa lugha, tukiliomba kwa heshima Baraza la Kiswahili la Taifa, waketi nasi tukamilishe maneno ya Kiswahili ya kisomaji hiki, yawe yale yale kwenye kila tovuti, mwananchi asijifunze upya kila anapohama ukurasa.

Ahadi zetu

Anayedai naye hudaiwa, na hatukuja hapa kuwatwika wengine mzigo wote. Tunaahidi kutoa mafunzo ya bure kwa maofisa wa masijala na wa TEHAMA kuhusu namna ya kutengeneza PDF inayosomeka. Ni ujuzi unaofundishika kwa asubuhi moja. Tunaahidi kuandaa mwongozo wa Kiswahili wa kuiweka, kuipanga na kuiboresha PDF.js, tukiuacha huria kama maktaba yenyewe ilivyo huria. Tunaahidi kukusanya nyaraka za umma zenye kasoro za uonyeshaji, zisizo na siri ya mtu, na kuziwasilisha kwa watunzaji wa maktaba pamoja na maelezo kamili. Tunaahidi kutafsiri, na kukubali kusahihishwa. Na kila kisomaji tutakachokijenga tutakijaribu pamoja na watu wasioona kabla hatujakikabidhi, kwa kuwa wao ndio wanaojua ukurasa unaosomeka ni upi.

Hitimisho

Ndugu Mgeni Rasmi, hatuombi jengo, hatuombi magari, wala hatuombi mfumo mpya wa mabilioni. Maktaba tunayo, sheria tunazo, vijana wenye ujuzi wapo ukumbini humu. Tunachodai ni uamuzi, mwenye dhamana na tarehe. Kwa hiyo tunaomba kila dai kati ya haya 8 lijibiwe kwa maandishi: limekubaliwa au limekataliwa, nani atalisimamia, na litakamilika lini. Palipokataliwa, tupewe sababu, nasi tutakaa mezani kulijadili. Na majibu hayo, tunasihi, yasiskaniwe. Yatolewe yakiwa maandishi halisi, ili kila mwenzetu, mwenye kuona na asiyeona, ayasome siku moja na wengine wote.



Ni sisi watengenezaji wa tovuti na maofisa TEHAMA.